Mtazame Mama Kabla ya Kumchukua Mtoto wa Mbwa

Katika barabara kubwa za Nairobi, hasa jioni msongamano unapokaza, huonekana vijana wamesimama kandokando ya njia wakiwa wamepakata watoto wa mbwa, mmoja kila mkono, wakiwainua hadi usawa wa dirisha la gari. Wanyama wenyewe huwa wameoshwa, manyoya yamechanwa, pengine shingoni wamefungwa utepe. Mtoto aliye kiti cha nyuma huanza kumsihi mzazi, bei hutajwa, hupunguzwa, na kabla magari hayajasonga mbwa ameshaingia ndani. Kwa dakika chache familia imefanya uamuzi ambao itaishi nao kwa miaka kumi au zaidi, maana huo ndio umri wa kawaida wa mbwa aliyetunzwa vizuri. Ng'ombe wa maziwa hatumnunui hivyo. Mkulima wa Kiambu au wa Nandi anayetafuta ndama huuliza mama yake alikuwa akitoa lita ngapi, aliwahi kuugua nini, ana tabia gani anapokamwa, kisha hufunga safari hadi bomani akamwone kwa macho yake. Nashikilia kwamba mtoto wa mbwa anastahili uchunguzi uo huo. Tusimchukue mahali ambapo mama yake haonekani, isipokuwa pawe na mtu anayeweza kusimama mahali pa mama huyo na kujibu maswali yetu. Swali la aina ya mbwa, rangi yake na bei yake lije baadaye.

Tuanze na mwili wake. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote dhidi ya magonjwa. Kinga yake ya mwanzo huipata hasa katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza anayoyanyonya siku anapozaliwa. Mama aliyechanjwa huwapa wanawe akiba nzuri. Mama ambaye hakuwahi kuchanjwa huenda hana cha kuwapa. Akiba hiyo nayo haikai sana. Huanza kupungua mtoto anapofikisha takriban wiki 6 na huendelea kupungua hadi karibu wiki 16, na hapo ndipo penye mtego. Kinga ya mama ikiwa bado ina nguvu, huizuia chanjo isishike; ikishalegea, haitoshi tena kumlinda mtoto na ugonjwa. Kwa sababu hiyo madaktari wa mifugo hawachomi sindano moja wakamaliza. Huanza wiki ya 6 hadi ya 8, wakarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka mtoto atimize wiki 16 au zaidi. Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote katika kipindi hiki ni pavo, uliosambaa duniani mwaka 1978. Mtoto hunyong'onyea, hukataa chakula, kisha hutapika na kuhara damu, na asipopata matibabu ya haraka hufa kwa siku chache. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Anayeleta nyumbani mtoto mwenye pavo huzika mmoja leo, na uani kwake pakabaki hatari kwa mwingine atakayefuata.

Linganisha maelezo hayo na neno moja analoambiwa mnunuzi wa kando ya barabara: "Amechanjwa." Hata likiwa la kweli, kwa mtoto wa wiki 6 neno hilo lina maana ya sindano ya kwanza kati ya tatu au nne, tena sindano ambayo huenda haikushika. Ushahidi ni kadi ya chanjo yenye tarehe, jina la dawa, kibandiko kilichobanduliwa kwenye kichupa, na sahihi ya daktari aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake. Umri nao hautegemei maneno. Mtoto aliyetimiza wiki 8 kwa kawaida huwa na meno yote 28 ya utotoni. Mwenye mapengo huenda aliondolewa kwa mama yake mapema mno, hata muuzaji aape vipi. Kuna pia minyoo, ambayo inatuhusu sisi wenyewe moja kwa moja. Minyoo ya duara ya mbwa hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni, kisha tena kupitia maziwa, na hivyo watoto wa mbwa hupaswa kupewa dawa kuanzia wiki ya pili tu ya maisha yao. Mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto wa binadamu anayecheza mchangani, viluwiluwi vyake huweza kusafiri hadi kwenye ini, mapafu, hata jichoni. Kwa hiyo swali la iwapo mama mbwa alipewa dawa ya minyoo ni swali la afya ya watoto wako.

Tabia nayo hujengwa mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller walitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wa mbwa wanavyokua, na matokeo yao wakayachapisha mwaka 1965. Walionyesha kwamba kati ya takriban wiki ya 3 na ya 12 kipo kipindi ambacho mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenzake na nani ni wa kuogopwa. Jaribio lililofanywa huko na kuchapishwa mwaka 1961 lilikuwa na funzo kali zaidi: watoto wa mbwa waliolelewa na mama zao ndani ya uwanja wenye ua mrefu, bila kuguswa na binadamu hadi wiki 14, walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwazoesha watu baada ya hapo kulikuwa kazi kubwa. Mtu anaweza kusema kwamba huo ni ushahidi wa kumchukua mtoto mapema iwezekanavyo. La, sivyo. Katika wiki hizo hizo mtoto ana walimu wawili. Mama na ndugu zake humfundisha kupima nguvu ya meno: akiuma kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huisha. Binadamu naye humfundisha kwamba mkono wa mtu hauna madhara. Mahali bora, basi, ni pale anapowapata walimu wote wawili kwa pamoja hadi walau wiki 8, yaani nyumbani kwa watu, penye watoto wanaopita, sufuria zinazogongana na wageni wanaobisha hodi. Banda lililojificha nyuma ya nyumba haliwezi kumpa mtoto wa mbwa mafunzo hayo, wala kreti iliyowekwa kando ya lami. Waswahili walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mbwa, sehemu kubwa ya malezi hayo huwa imekwisha siku unapokabidhiwa mbwa huyo.

Iko sababu nyingine, nayo inavuka mipaka ya nyumba ya mnunuzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu maambukizi yote ya binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa. Wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza kufikia mwaka 2030, ikiwa na makadirio ya vifo hadi 2,000 kila mwaka, na ikaanzia katika kaunti kama Makueni, Machakos, Kitui, Siaya na Kisumu. Dalili zikishatokea, mgonjwa karibu hana nafasi ya kupona. Virusi huweza kukaa mwilini mwa mbwa kwa wiki kadhaa, hata miezi, kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aliyeumwa na mbwa mgonjwa akiwa na mwezi mmoja anaweza kuuzwa akiwa mchangamfu kabisa, akabebwa kifuani na kila mtoto wa mtaa, akawatafuna vidole kwa mchezo, na ugonjwa ukajitokeza akiwa kwako. Mnunuzi wa barabarani hana namna ya kujua mnyama yule alizaliwa wapi, alikutana na mbwa gani, wala waliobaki walikozaliwa wana hali gani leo.

Kisa cha Pemba kinaonyesha uzito wa jambo hili. Katika kisiwa hicho, ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu na mbwa ni wachache, watafiti walifuatilia kichaa cha mbwa kati ya mwaka 2010 na 2020, kila kisa kwa kisa, na kuchunguza chembe za urithi za virusi ili kujua kipi kimetokana na kipi. Minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikizunguka kisiwani ilikatwa yote kufikia Mei 2014, kwa sababu ya kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka. Kisha uchanjaji ulilegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa upya mara mbili kutoka nje, mlipuko ukazuka, na haukuzimwa hadi Oktoba 2018, baada ya chanjo kurejeshwa kisiwa kizima. Ugonjwa huu huenezwa kwa kuumwa, hauelei juu ya maji. Ili ufike kisiwani ni lazima abebwe mnyama aliye nao. Kwa hivyo safari ya mbwa mmoja kutoka mahali fulani kwenda kwingine ni jambo la jamii nzima, pamoja na wale ambao hawafugi mbwa na wasiotaka kuguswa na mate yake. Fikihi ya Kiislamu iliyoruhusu mbwa wa kulinda mifugo, mashamba na kuwindia haikumwondolea mwenye mbwa jukumu kwa jirani yake. Jukumu hilo huanzia pale anapoamua amtoe wapi.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni la pesa. Watu husema kwamba habari za kadi, madaktari na kutembelea nyumba za wafugaji ni za matajiri wa Karen na Runda, ilhali mwananchi wa kawaida anataka tu mbwa wa kubweka usiku. Lakini kanuni ya kumwona mama haimgharimu mtu shilingi, na maskini ndiye anayeweza kuifuata kwa urahisi zaidi. Mbwa wetu wengi ni wa kienyeji waliozaliwa katika nyumba za majirani, jamaa na wafanyakazi wenzetu, na mara nyingi watoto wao hutolewa bure kwa sababu mwenyewe hana uwezo wa kuwalisha wote. Ukienda kwa jirani unamwona mama, unaona kama huwapokea wageni kwa kubweka na kutulia au kwa kuuma, unajua baba mbwa anazururia wapi, na ukipata shida mwezi ujao unajua mlango wa kubisha. Mama akiwa hajachanjwa, hiyo ni nafasi ya wote wawili kumpeleka pamoja na wanawe katika siku za chanjo ambazo serikali za kaunti na wadau wao huziandaa, nyingi zikiwa za bure, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uamuzi wa kumfunga mama huyo kizazi unaweza kuwa sehemu ya makubaliano hayo hayo. Mtoto wa bei rahisi wa kando ya njia akiugua pavo, gharama ya maji ya mishipani na siku za kulazwa huweza kuipita bei yake mara nyingi.

Wengine husema mbwa wa kienyeji hafai kwa ulinzi, na kwamba anayetaka mlinzi wa kweli hana budi kununua German Shepherd au Rottweiler. Sikubaliani na dharau hiyo kwa mbwa wetu. Kazi ya kwanza ya mlinzi ni kusikia na kutoa taarifa, na mbwa wa kienyeji, ambaye vizazi vyake vimeishi katika joto letu, kupe wetu na chakula chetu, huifanya kazi hiyo vyema. Hata hivyo sina ugomvi na anayetaka mbwa wa nasaba. Ninachosema ni kwamba yeye ndiye mwenye sababu nyingi zaidi za kuwaona wazazi. German Shepherd na Rottweiler huweza kurithi kasoro ya nyonga inayoweza kuwalemaza wakiwa wangali wadogo. Mfugaji makini huwapiga wazazi picha za eksirei kabla ya kuwapandisha, na atakuonyesha. Mbwa wa pua fupi kama Pug hupumua kwa taabu, na joto la Mombasa huwaongezea mateso. Hati ya usajili, kama zile zinazotolewa na East Africa Kennel Club, huthibitisha nasaba. Haisemi lolote kuhusu nyonga wala tabia. Mfugaji mzuri atakukaribisha nyumbani, atakuonyesha mama na mahali wanapolala, atakataa kukupa mtoto kabla ya wiki 8, na atakuuliza maswali mengi kuliko unayomuuliza. Anayekutumia picha tu kwa simu na kutaka utume pesa kwanza anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: kama mama ndiye kipimo, mbona tunahimizwa kuchukua mbwa kutoka vituo vya kuhifadhi wanyama waliotelekezwa, kama kile cha KSPCA jijini Nairobi, ambako mama wa wengi wao hajulikani? Ni kweli hajulikani. Lakini tujiulize mama alikuwa anatupa nini tulipomtaka aonekane. Alikuwa anatupa habari: afya ya mtoto, umri wake, tabia yake, na mtu wa kumrudia mambo yakiharibika. Kituo kinachofanya kazi yake sawasawa hutoa habari hizo kwa njia nyingine. Mnyama hukaa chini ya uangalizi, huchanjwa, hupewa dawa ya minyoo, hufungwa kizazi akifikia umri wake, na walezi wanaomlisha kila siku wanaweza kukueleza kama anaogopa wanaume, kama anagombania chakula, kama anavumilia paka. Zaidi ya yote, kituo hakipati faida kwa kukuficha kasoro, kwa sababu mbwa asiyekufaa atarudi kwao. Kubahatisha kunabaki, nami sitaki kukuficha. Lakini ni kubahatisha kunakosimamiwa na mtu mwenye jina na anwani, na ambaye kesho bado atakuwa pale. Kituo kisichoweza kujibu maswali hayo, hata kiwe na nia njema vipi, hakistahili kuaminiwa kuliko mchuuzi.

Wako pia wanaonunua kwa huruma. Wanamwona mtoto wa mbwa anatetemeka juani au mvuani, wanasema afadhali awe kwangu kuliko pale. Huruma hiyo ni njema, lakini pesa huzungumza lugha nyingine. Mkono uliouza mmoja leo kesho utambeba mwingine mahali pale pale, na mama yao, popote alipofungwa, atapandishwa tena joto lijalo. Anayemhurumia mnyama huyo ampigie simu afisa wa mifugo au shirika la wanyama, maana sheria za Kenya zinakataza kumtesa mnyama, na kumwacha mchanga juani bila maji ni mateso. Na riziki ya vijana wanaouza? Sipendi kulipuuza swali hilo, kwa kuwa ajira ni haba na wengi wao hawana mtaji wa kazi nyingine. Ila biashara hii inamwachia mnunuzi hatari yote. Kijana mwenye mbwa wake anaweza kuendelea kuuza: amchanje mama, awatunze watoto hadi wiki 8, na mnunuzi aje kwake. Atapata bei nzuri zaidi na wateja watakaowaambia wengine. Atakayekosa mahali ni dalali anayekusanya watoto wa mbwa wasiojulikana wanatoka wapi, akawachanganya kwenye kreti moja ambamo mgonjwa mmoja huwaambukiza wote.

Nchi nyingine zimeshaliweka jambo hili katika sheria. Uingereza, tangu Aprili 6, 2020, imewakataza madalali kuuza watoto wa mbwa na paka walio chini ya miezi 6. Anayetaka kununua ni lazima aende kwa mfugaji mwenyewe, amwone mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa, la sivyo amchukue kwenye kituo cha uokoaji. Sheria hiyo ilipewa jina la Lucy, mbwa jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa alikotumiwa kuzaa mfululizo hadi akaharibika mwili. Ufaransa nayo imepiga marufuku maduka ya wanyama kuuza mbwa na paka tangu Januari 1, 2024. Serikali zetu za kaunti hazihitaji kuiga kila kifungu. Zingeanza kwa kanuni moja fupi: mtoto wa mbwa auzwe pale alipo mama yake, akiwa ametimiza wiki 8, akiwa na kadi. Kanuni hiyo ingewarahisishia kazi hata maafisa wa chanjo, kwa kuwa wangejua mbwa wanazaliwa wapi.

Lakini sheria huchukua miaka, na magari yatakwama tena leo jioni. Kipimo tayari kiko mikononi mwa kila mnunuzi. Mwombe muuzaji jambo moja tu: nataka kumwona mama yake. Mwenye mama atakuelekeza nyumbani kwake na kukupangia siku. Asiyekuwa naye atakupa sababu: yuko mashambani, alikufa, mwenyewe amesafiri. Ukipewa sababu, pandisha kioo, hata kama aliye kiti cha nyuma analia. Mwambie kwamba Jumamosi mtakwenda pamoja kumtafuta mbwa, na kwamba kabla ya kumshika mtoto mtamsalimu kwanza mama.